Tumeambiwa tulete majina ya wauzaji: jibu kwa mama wa Ngarenaro

Swali: "Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ngarenaro, Arusha. Kijana wangu wa pili alitumia heroini kwa miaka sita, na sasa anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila asubuhi kliniki. Mara mbili amekamatwa akiwa njiani kwenda kunywa dozi. Tumeunda kikundi cha wazazi na vijana wanaopata nafuu, tupo kumi na mmoja na tunakutana kila Jumamosi. Tulipeleka barua ofisi ya kata kuomba sera ya kupunguza madhara, tukaambiwa tulete kwanza majina ya wauzaji. Mchungaji wetu naye anasema ukimpa mtu sindano safi umemhimiza ajidunge. Tuanzie wapi, na je, tunachoomba ni halali?"

Jibu:

Mama, pole kwa yaliyomkuta kijana, na hongereni kwa kikundi, maana watu kumi na mmoja wanaokutana kila wiki bila posho si jambo dogo katika mji huu. Nianze na ulilolimalizia. Ndiyo, mnachoomba, yaani kumpunguzia mtumiaji madhara ya dawa hata kabla hajaacha, ni halali, na sehemu yake kubwa serikali ilikwisha kuikubali kabla kikundi chenu hakijazaliwa. Kilichokwama ni anwani ya barua. Mlimwomba mtendaji wa kata sera, naye sera hana. Sera za namna hiyo hutungwa wizarani, na masuala ya dawa za kulevya husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mtu akiombwa asichokuwa nacho, huwarudishia waombaji kile anachokifahamu, na anachokifahamu mtendaji wa kata kuhusu jambo hili ni opesheni na majina.

Siwacheki, kwa sababu na mimi nilikosea hivyohivyo. Nilipokuwa muuguzi niliyefanya kazi na waraibu mitaani, mimi na wenzangu tulimwandikia diwani mmoja barua ya kurasa tisa. Ndani yake tuliomba kliniki, nyumba ya upataji nafuu (makazi ya waraibu wanaoacha kabisa), ajira kwa vijana, elimu shuleni, mabadiliko ya sheria, na gari. Yule mzee aliisoma yote mbele yetu, akilamba kidole kila alipofunua ukurasa, kisha akavua miwani na kuuliza: "Sasa mnataka mimi nifanye nini kesho asubuhi?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila barua ninayosaidia kuiandika huipima kwa swali hilo, na karibu yote nitakayokushauri hapa yametoka humo: chukueni jambo dogo, mjue mwenye uwezo wa kulifanya ni nani, mkamwombe yeye.

Kwanza mjue mmesimama wapi kisheria, kwa kuwa mtaulizwa. Sheria inayotumika ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995 na ambayo imerekebishwa zaidi ya mara moja. Chini yake kutumia heroini, au kukutwa na hata kete moja, ni kosa, na kikundi kisijifanye kana kwamba hilo limebadilika. Lakini nchi hii hii ilianza kutoa methadoni mwezi Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha huduma ikaanza kutoka Dar es Salaam na kwenda mikoani. Tulikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kuitoa dawa hii katika hospitali ya umma, tena bila malipo. Kwa hiyo kijana wako anapopanga foleni asubuhi hafanyi jambo la kificho wala la kuvumiliwa; anatumia huduma ya serikali, kama mjamzito anavyokwenda kliniki yake. Sentensi hiyo iwekeni mwanzoni mwa kila barua, kwa sababu inamwondolea msomaji hofu kwamba mnamtaka aasi.

Kwenye mkutano wa mtaa mtaulizwa swali moja kwa sura kumi: je, hamjawabadilishia unga tu? Msilijibu kwa hasira, maana ni swali la haki. Heroini hukaa mwilini saa chache. Ikipungua huja arosto: mafua, kuhara, jasho baridi, mifupa inayouma kama inatwangwa, na mtu hulazimika kutafuta kete nyingine mara tatu au nne kwa siku, ndipo sufuria za mama yake zinapoanza kupotea jikoni. Methadoni humezwa, hufanya kazi kwa muda wa saa 24 hadi 36, na kwa kuwa hupanda polepole haina ule mshindo wa sindano. Anayepata kipimo kinachomtosha huamka, hunywa, na siku nzima inakuwa yake. Kwa wanaotaka tarakimu, uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika kila watu 1,000 kwa mwaka, vifo vilikuwa takriban 11 miongoni mwa waliokuwa kwenye methadoni na 36 miongoni mwa waliokuwa wametoka. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hii katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005.

Hata hivyo, kwa uzoefu wangu tarakimu hazigeuzi mkutano. Kinachogeuza ni mmoja wenu, akiwa amekubali mwenyewe, aeleze kinachotokea pale dirishani. Unataja namba yako. Muuguzi anakuangalia usoni kama umelewa, anapima mililita zako, unakunywa akikutazama. Anakutilia maji kwenye kikombe kilekile, unayanywa pia, halafu anakusemesha jambo lolote, habari za nyumbani au mtoto hajambo, nawe unajibu kwa sauti ili ionekane kwamba mdomoni hamna kitu. Nimewahi kuona ukumbi uliokuwa ukinguruma ukitulia kwa maelezo hayo tu, kwa kuwa watu walidhani mtu hupewa chupa akaondoka nayo kwenda kuiuza kijiweni.

Sasa lile la kukamatwa, ambalo ningelifanya la kwanza kuliko yote. Mwenye uwezo nalo ni mkuu wa polisi wa wilaya, na njia ya kumfikia ni mkaguzi wa polisi wa kata yenu pamoja na msimamizi wa kliniki anakokunywa kijana. Msimwombe polisi aache kazi yake, kwa sababu atakataa na atakuwa sahihi. Mwombeni mambo mawili ambayo hayahitaji sheria mpya: askari wa doria waonyeshwe kadi ya kliniki ilivyo, na saa ambazo wagonjwa hupita, na mwenye kadi akikamatwa kwa kosa lolote, kituo kiwapigie simu kliniki siku ileile ili dozi yake isikatike. Hilo la pili lina sababu ya kitabibu ambayo polisi wengi hawajawahi kuelezwa. Anayekosa dozi siku moja huteseka. Anayekosa siku tatu au zaidi mfululizo hawezi kurudishiwa kipimo chake cha zamani bila kuchunguzwa upya, kwa kuwa mwili umeanza kukisahau na kiasi alichokizoea kinaweza kumzidi. Aliyekamatwa Ijumaa na kuachiwa Jumatatu anatoka mahabusu akiwa na arosto kali, na mtu wa kwanza kukutana naye nje huwa ni muuzaji. Mkuu wa kituo akielewa hivyo, ombi lenu linakuwa la kumpunguzia matukio ya wizi katika eneo lake.

Mwendeeni na ushahidi. Nunueni daftari moja la kaunta, na kila anayekamatwa njiani aandikiwe mstari: tarehe, saa, mahali, kama alionyesha kadi, alikaa muda gani, aliachiwaje, alikosa dozi ngapi. Msiandike majina ya askari. Mkifanya hivyo daftari litageuka mashtaka na milango itafungwa. Miezi mitatu ya mistari iliyoandikwa vizuri ina nguvu kuliko miaka mitatu ya malalamiko, na mtashangaa jinsi matukio yanavyojikusanya katika kona moja au mbili na katika zamu fulani. Kama kijana wako alifunguliwa kesi, hiyo ni habari nyingine: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao hawalipishi, kwa hiyo ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya jiji iwaelekeze kwao.

Tuje kwenye majina. Mtendaji hakukosa adabu kuyataka, lakini msiyatoe, wala msiahidi kuyatoa baadaye. Kikundi kinachojulikana mtaani kuwa kinapeleka majina hakitafikiwa na mraibu hata mmoja, kwa sababu muuzaji mdogo wa kijiweni mara nyingi ni mraibu mwenyewe anayeuza ili apate kete yake, na leo hii anaweza kuwa mwanachama wenu wa kumi na mbili. Zaidi ya hapo ni usalama wenu: mnaishi hapohapo, mnateka maji bomba moja na hao mnaowataja. Mjibuni kwa unyenyekevu kwamba taarifa za wauzaji zina mlango wake, nao ni namba ya bure ya Mamlaka, 119, ambayo raia yeyote anaweza kuipiga kwa wakati wake, na kwamba kazi ya kikundi ni wagonjwa. Yaandikeni hayo katika katiba ya kikundi pia, kisha mkisajili halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kisicho na usajili hujibiwa kwa mdomo, na jibu la mdomo halina faili.

Kwa mchungaji nitachukua nafasi kidogo, kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote na anastahili jibu kamili. Anaamini kwamba sindano safi humwita mtu ajidunge. Lakini hakuna anayeanza kujidunga kwa sababu ameona sindano. Kama ingekuwa hivyo, sisi wauguzi tungekuwa tumekwisha. Mtu hufika kwenye sindano baada ya miezi au miaka ya kuvuta, pale uwezo wa mwili kuizoea unapopanda na fedha inapopungua, kwa kuwa kwa sindano kiasi kidogo hupiga zaidi. Akishafika hapo, arosto ikimbana saa kumi alfajiri, atajidunga kwa sindano yoyote iliyopo. Suala pekee lililobaki ni kama sindano hiyo ilikuwa na damu ya mwenzake. Virusi vya UKIMWI vimeonekana vikiendelea kuwa hai kwa wiki kadhaa ndani ya damu iliyobaki kwenye bomba la sindano, na vya homa ya ini pia huambukizwa kwa njia hiyo. Baadhi ya tafiti zilizofanywa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziliwakuta takriban theluthi moja ya wanaojidunga wakiishi na VVU, wakati kwa watu wazima wote nchini utafiti wa mwaka 2022 hadi 2023 ulipata asilimia 4.4. Na hao wanaojidunga wana wake, waume, na wapenzi ambao baadhi wanaketi katika benchi za mchungaji kila Jumapili bila kujua lolote. Mapitio ya ushahidi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2004 hayakupata dalili ya maana kwamba kugawa sindano huongeza matumizi. Mweleze hayo faraghani, usimjibu mbele ya waumini wake, na umwachie muda. Wachungaji na mashehe niliowaona wakibadilika walibadilika baada ya kumzika mtu.

Pamoja na hayo, nisingewashauri muanze na sindano. Methadoni imekwisha kubaliwa na kila ngazi, lakini ugawaji wa sindano safi umebaki kazi ya asasi chache. Wanaoujua zaidi ni watu wa Temeke, ambako shirika la Médecins du Monde liliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kikundi kipya kikilianza jambo hilo kichwani mwa barua kitatumia mwaka mzima kujitetea. Kuna njia ya pembeni ambayo haina kelele. Uholanzi, ambako kazi hii ilianzia, chanzo chake kilikuwa duka la dawa: mwaka 1984, jijini Amsterdam, famasi moja ya katikati ya mji ilipokataa kuendelea kuwauzia sindano wanaojidunga, chama cha waraibu wenyewe kiliogopa mlipuko wa homa ya ini aina ya B, kikaanza kubadilishana sindano zilizotumika kwa mpya. Hapa kwetu sindano huuzwa famasi kihalali. Pitieni famasi za jirani, zungumzeni na wauzaji, na muulize kama wanawakatalia vijana waliochakaa na kwa sababu gani. Mara nyingi sababu ni kwamba hawapendi wasimame mlangoni wakati wateja wengine wanaingia, na jambo kama hilo hutatuliwa kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Na hapa ndipo mtendaji wenu wa kata anaporudi, maana kuna kitu kimoja ambacho kweli ni chake: taka. Sindano zilizotupwa kando ya mto, nyuma ya choo cha soko au kwenye uwanja wa watoto ni kero ya kila mzazi, awe na mraibu nyumbani au asiwe naye. Mwombeni yeye na afisa afya wa kata sanduku la kutupia vitu vyenye ncha kali, kama yale ya zahanati, liwekwe mahali ambapo vijana watakubali kulitumia, na zahanati ilichukue likijaa. Vijana wenu ndio wanaojua mahali penyewe. Waokotaji wavae glavu nzito, wachukue sindano kwa koleo, wasiirudishie kifuniko. Barua ya namna hiyo mtendaji anaweza kuitekeleza kesho asubuhi, na akishaifanya moja atakuwa amezoea kuwaona mkiingia ofisini.

Kuhusu maneno nitapita haraka. Katika barua andikeni "watu wanaotumia dawa za kulevya" au "waraibu", msiandike "mateja". Jirani zetu wa Unga Limited wanajua maumivu ya jina: kata yao iliitwa hivyo kwa ajili ya kiwanda cha kusaga unga wa kula, na hadi leo kila mwenye utani wake lazima autoe. Ila msitumie mkutano mzima kumrekebisha mwenyekiti wa mtaa aliyeteleza ulimi. Mtakuwa mmeshinda neno na kupoteza ombi.

Ombi ambalo ningeliweka la pili baada ya lile la polisi ni naloksoni. Hii ni dawa inayoiondoa heroini kwenye vipokezi vya ubongo na kumrudishia pumzi mtu aliyezidiwa, mara nyingi ndani ya dakika chache, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri ipatikane hata kwa watu wa kawaida walio karibu na waraibu. Anayeifahamu hali ya kuzidiwa haisahau: midomo inageuka rangi ya majivu, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya kalamu, anakoroma mkoromo mrefu wenye mapengo, ukimfinya haitiki. Wenzake humwagia maji, humpiga makofi, au humnywesha maziwa, na maziwa hayo ndiyo humpalia. Alazwe ubavu, abaki na mtu, apumuliziwe kama pumzi imekata, akimbizwe hospitali. Kipindi cha hatari kubwa ni wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani au kwenye nyumba ya upataji nafuu, kwa kuwa mwili umepoteza mazoea na mtu hurudi kwenye kipimo cha zamani. Mwenye ombi hili ni mganga mkuu wa jiji. Muulizeni kwa maandishi: kituo cha afya kilicho karibu nasi kina naloksoni leo, na je, yupo katika zamu ya usiku aliyefundishwa kuitumia? Ni maswali mawili ambayo majibu yake ni ndiyo au hapana, na kama ni hapana, ombi limejiandika lenyewe. Mkishapata jibu, waiteni madereva wa bodaboda wa kijiwe cha karibu muwafundishe dalili, kwa sababu wao ndio gari la wagonjwa la saa nane usiku.

Fedha mzifikirie mapema. Mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, tuliona jinsi kazi za kufuatilia wagonjwa mitaani zilivyoegemea mfuko wa mtu mwingine. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla, kuanzia mitaa na kata, na yakishapita baraza la madiwani hakuna wa kuyaongeza. Ombi la bajeti linaloletwa mwezi Mei linapokelewa kwa tabasamu tu. Lipelekeni kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya Desemba, likiwa ni mstari mmoja wenye kiasi, kwa mfano nauli na posho ya wahudumu wawili wa kufuatilia waliokosa dozi, na mwombe liingie katika shughuli za UKIMWI, ambazo tayari zina kamati yake ngazi ya halmashauri. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kwa hiyo mwoneni kabla ya kikao, asilisikie jambo kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Nikuonye kuhusu ugomvi mmoja utakaotokea ndani ya kikundi, kama haujatokea. Baadhi ya wazazi, hasa ambao watoto wao wamepitia nyumba za upataji nafuu na sasa hawatumii chochote, watasema anayekunywa methadoni "bado anatumia". Wapo vijana pia watakaosema hivyo, tena kwa ukali, maana aliyeacha kwa shida humwona mwenzake amepita njia ya mkato. Nimeona vikundi viwili vikivunjika kwa neno hilo. Kiswahili chetu kimetusaidia kwa kutupa neno "nafuu", ambalo halimlazimishi mtu kusema amepona. Kubalianeni tangu sasa kwamba anayejidunga lakini amefika Jumamosi, anayekunywa dozi, na aliyekaa miaka mitano bila kugusa kitu, wote wana kura moja moja. Na nyumba ya upataji nafuu msiipendekeze kwa mtu yeyote kabla hamjaona usajili wake, hamjaingia hadi vyumba vya kulala, na hamjaongea na aliyetoka. Wapo wanaofunga vijana minyororo na kuita ni nidhamu.

Tazameni pia kama kuna mwanamke miongoni mwa hao vijana wenu. Hesabu yao huwa ndogo kliniki, si kwa kuwa hawatumii, bali kwa kuwa mama anayeonekana kwenye foleni ile anaogopa kunyang'anywa mtoto. Mkiwa naye hata mmoja, muulizeni yeye saa na mahali pa kukutania. Pengine Jumamosi haimfai.

Hukuuliza, lakini naona limejificha katika barua yako: nani azungumze mbele ya wakubwa. Wazazi mna heshima na mtasikilizwa kwanza, ila ombi la polisi linafaa litoke kinywani mwa aliyekamatwa. Kwa kijana wako nakushauri yafuatayo. Asizungumze kabla hajakaa kwenye dozi ile ile kwa miezi kadhaa. Afanye mazoezi mbele ya kikundi, dakika tatu, aanze na saa anayoamka na amalize na ombi, asisimulie alivyoiba wala alivyojidunga, kwa sababu wasikilizaji wataondoka na hadithi na kuacha ombi mezani. Akubaliane nanyi mapema ni swali gani hatalijibu. Pasiwe na simu inayorekodi bila ruhusa yake, kwa kuwa picha ya leo itamfuata siku atakayoomba kazi. Na asubuhi ya siku hiyo, kama ataamka na kusema hawezi, wewe nenda na daftari, usome mistari, na umwache aende kunywa dozi yake.